Unavua au unafuma?

Mzee alinitazama kwa muda kabla ya kunisemesha. Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe ukingoni mwa maji, rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia, mapajani, nikichomoa kitanzi kimoja baada ya kingine kutoka kwenye fungu la mshipi lililofura kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Nilipofika alfajiri ukungu ulikuwa bado juu ya maji, na samaki waitwao besi walikuwa wakirukia wadudu kandokando ya matete. Sasa jua lilikuwa limeshapanda, matete yametulia, na mimi nilikuwa nimerusha mara nne tu.

"Mwanangu," akasema, "unavua au unafuma?"

Nikamwamkia, nikacheka kicheko cha aibu, nikamwambia kosa ni la rili.

"Rili haina neno. Chambo ulichofunga kina uzito gani?"

Sikujua. Rangi yake niliijua, hata jina la rangi hiyo kwenye pakiti nililikumbuka. Uzito sikuwahi kuutazama. Mzee akakipokea, akakipimapima kiganjani, akanirudishia. "Gramu tatu, nne. Hiki hakiwezi kuizungusha hiyo." Akachukua fimbo yake akaendelea na safari.

Siku hizi mimi ndiye ninayeulizwa habari za aina hizi mbili za rili: nianze na spini au na beitikasta? Na kila nikifungua mdomo kujibu najikuta nauliza kwanza lile swali la mzee. Watu hawalipendi. Wanataka waambiwe ipi ni bora, kama ilivyo kwa simu. Lakini bila kujua utarusha kitu cha uzito gani, hilo swali halina jibu.

Ile rili ya siku ile juu ya jiwe ilikuwa beitikasta, na niseme ukweli, niliinunua kwa sababu ya sura. Nilikuwa nimekesha nikitazama video za mashindano: wavuvi wamesimama mbele ya boti, wanarusha kwa mkono mmoja, rili imekaa juu ya fimbo chini ya kidole gumba, bapa na ndogo kama kobe. Spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo na kile kiwaya chake cha kufungua na kufunga, niliiona ya watoto. Nilidhani mtu huanza na spini kisha akipata ujuzi anapanda daraja. Dhana hiyo ilinigharimu msimu mzima.

Kama hujawahi kuzishika zote mbili, chukua bobini ya uzi wa cherehani. Ipitishe kwenye penseli, shika penseli kwa ncha zake mbili, kisha mwambie mtu avute uzi. Bobini inazunguka. Akivuta kwa nguvu halafu akaacha ghafla, bobini haiachi: inaendelea kuzunguka, na uzi unajimwaga wenyewe. Hiyo ndiyo beitikasta. Sasa isimamishe bobini ile ile mezani, uvute uzi kwa juu. Bobini haisogei. Uzi unachomoka kitanzi kwa kitanzi, na ukiacha kuvuta, nao unaacha. Hiyo ndiyo spini.

Nikiwa na penseli na bobini hiyo mbele yangu, karibu kila sifa na kila kasoro ya rili hizi mbili naweza kuieleza. Kwenye spini, chambo hakina kazi nyingine zaidi ya kuvuta mshipi. Kwenye beitikasta chambo kina kazi mbili: kuvuta mshipi, na kabla ya hapo kuiamsha bobini nzima kutoka usingizini na kuifanya izunguke maelfu ya mizunguko kwa dakika. Chambo cha gramu 14 kinaifanya kazi hiyo bila kunung'unika. Cha gramu 3 kinashindwa. Na mrushaji akiona kinashindwa, anafanya kile nilichokuwa nikifanya mimi juu ya lile jiwe: anarusha kwa nguvu zaidi, kwa mshtuko. Mshtuko unaipa bobini mwendo ambao chambo chepesi hakiwezi kuufuata.

Maana chambo huwa na kasi yake kubwa kabisa pale kinapoachana na ncha ya fimbo. Kuanzia hapo hewa inakirudisha nyuma kidogo kidogo. Bobini haina habari. Inaendelea na kasi ile ile iliyopewa, inatoa mshipi ambao hakuna anayeuvuta, na mshipi usio na mahali pa kwenda unajirundika pale pale na kujitatiza. Ndio mtatano. Hutokea kwa kishindo, nusu sekunde, na unaweza kukuchukua nusu saa kuutatua.

Kuzuia mtatano kuna vitu vitatu, na nitavieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi.

Cha kwanza ni kifundo kidogo kilicho ubavuni mwa rili, upande wa mkono wa kuzungushia. Kinabana mhimili wa bobini. Funga chambo utakachotumia, nyanyua fimbo, bonyeza kitufe cha kuachia bobini, uache chambo kishuke chenyewe. Kikianguka kama jiwe, kaza. Kisiposhuka kabisa, legeza. Unataka kishuke taratibu, na kikigusa chini bobini isimame au ijizungushe kidogo tu. Kila ukibadili chambo, rudia. Wavuvi wazoefu hukiacha kifundo hiki kimelegea na kutegemea gumba, lakini wao wana gumba. Wewe bado huna.

Cha pili ni breki za ndani. Kuna rili zenye vipande vidogo vya plastiki ambavyo bobini ikizunguka vinasukumwa nje na kusugua ukingo. Kadiri mzunguko unavyokuwa mkali ndivyo vinavyosugua zaidi, kwa hiyo vinafanya kazi kubwa mwanzoni mwa mrusho na kuachia kuelekea mwisho. Nyingine hutumia sumaku, na hizo ndizo zinazonifurahisha. Bobini ni ya aluminiamu. Iguse kwa sumaku: hainati. Lakini ikizunguka mbele ya sumaku, ndani ya metali yake huzaliwa mikondo ya umeme, na mikondo hiyo hupingana na mzunguko wenyewe. Hakuna kinachogusana na hakuna kinacholika, ila breki ipo, na inaongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Siku niliyolielewa hilo niliifungua rili yangu mezani, nikaizungusha bobini kwa kidole, nikasogeza sumaku na kuiondoa, nikasogeza na kuiondoa, mpaka mwenzangu akauliza kama bado nina akili timamu.

Cha tatu ni kidole gumba, na hiki hakina kitufe cha kukirekebisha. Gumba linakaa juu ya mshipi wakati wote wa mrusho, linapapasa kidogo, halibonyezi. Chambo kikikaribia maji linakaza. Kikigusa maji linasimamisha. Ukichelewa nusu sekunde, unafuma.

Nilijifunza kwa namna ambayo ningependekeza kwa yeyote. Nilikwenda mahali pa wazi penye nyasi, pasipo na maji wala samaki wa kunitia hamu, nikafunga kizito cha gramu 14 kisicho na ndoana. Nilirusha kadiri ya nguvu zangu za kawaida, nikavuta tena hatua kama kumi za mshipi kutoka kwenye bobini, kisha nikabandika kipande cha utepe wa gundi juu ya mshipi uliobaki na kuuzungusha ule wa nje juu yake. Hapo hata ukitatana, mtatano hauwezi kupita utepe. Breki niliziweka karibu na mwisho. Mirusho ilikuwa mifupi ya kuchekesha. Siku ya tatu nilianza kupunguza breki, alama moja kila siku. Siku ya tano nilirusha mrusho mmoja mrefu na mtamu, mpita njia akaniambia "safi sana!", nikajiona nimefika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mrusho uliofuata ulikuwa mtatano mkubwa kuliko yote ya wiki ile.

Mtatano wenyewe, kwa njia, mara nyingi si mbaya kama unavyoonekana. Usianze kuvuta vitanzi kwa kucha. Bonyeza gumba kwa nguvu juu ya bobini, zungusha mkono wa rili mara mbili tatu ukiwa bado umebonyeza, kisha achia na uvute mshipi taratibu. Aghalabu kitanzi kilichomeza wenzake kinalala na mshipi unatoka. Rudia ikibidi. Ningelijua hili juu ya lile jiwe, mzee angenikuta navua.

Sasa, kwa nini mtu ajitese hivi wakati spini ipo?

Kwa sababu ya besi wenyewe na wanapokaa. Besi wa mdomo mkubwa ni samaki wa kuvizia. Hajipendelei maji matupu. Anakaa chini ya mti ulioanguka, ndani ya matete, chini ya zulia la majani yanayoelea, kando ya nguzo za gati, akisubiri kitu kipite karibu. Ukimfuata huko unahitaji chambo kizito cha kupenya majani, gramu 14, 21, 28, na ndoana nene ambayo haiingii kwenye taya kwa kubembelezwa. Unahitaji mshipi mnene, wa kusuka unaohimili mvuto wa ratili 50 au 65, au flurokaboni, aina ya mshipi wa plastiki, ya ratili 15 hadi 20. Na akishika, una sekunde mbili za kumgeuza kabla hajazunguka mzizi. Hapo beitikasta haina mpinzani. Mshipi unaingia kwenye bobini ukiwa umenyooka, kama kamba kwenye winchi. Kwenye spini mshipi huo huo lazima upinde kona kwenye kigurudumu kidogo kabla ya kuingia, na ukiwa mnene hukaa kama chemchemi ya chuma, unaruka vitanzi na kupigapiga pete za fimbo unapotoka.

Halafu kuna lile gumba. Ukishalifundisha, linakupa kitu ambacho spini haikupi kwa urahisi: unaweza kukisimamisha chambo hewani, shibiri moja kabla ya gogo, na kukitua majini bila mlio. Miaka ya 1970 mvuvi wa California aitwaye Dee Thomas aliwasumbua wenzake kwenye mashindano kwa mtindo wa kutorusha kabisa: fimbo ndefu, mshipi mfupi, jigi, ndoana yenye kichwa cha risasi, inabembezwa kama pendulamu na kutumbukizwa kwenye tundu la majani, inatolewa, inatumbukizwa kwenye tundu la pili. Mtindo huo na jamaa zake umekuwa sehemu ya uvuvi wa besi tangu hapo, na ni kazi ya beitikasta: bonyeza, achia, shika, zote kwa gumba moja, mara mia kadhaa kwa siku.

Gia nazo zina neno lao. Rili iliyoandikwa 5.4:1 ina maana bobini inazunguka mara tano na kitu kwa kila mzunguko mmoja wa mkono, 8.1:1 inazunguka mara nane. Kwa zile chambo zenye ulimi wa plastiki mbele, zinazozama kadiri unavyovuta na kutikisika zikigonga mawe, gia ya chini inakupa nguvu na inakuzuia usikimbize. Kwa jigi, ambapo kazi yote inafanywa na fimbo na rili inakusanya tu mshipi uliolegea, gia ya juu ndiyo inayofaa. Ukiwa na moja tu, chukua ya katikati, 6 hadi 7, uache mjadala.

Hayo ni ya beitikasta. Spini nayo?

Spini ilinirudisha kwenye uvuvi. Baada ya msimu ule wa aibu rafiki aliniazima fimbo yake nyepesi yenye spini ya saizi 2500, mshipi wa kusuka mwembamba wa ratili 10, na mbele yake hatua tatu za flurokaboni ya ratili 8. Ndoana ndogo, na juu yake nyungunyungu wa plastiki aliyetobolewa katikati, hana hata chubwi. Kitu kile kizima kilikuwa na uzito wa gramu chache tu. Niliyazungusha macho. Nikafungua waya, nikaukamata mshipi kwa kidole cha shahada, nikapeperusha. Kilikwenda. Kikatua karibu na kivuli cha mti, kikaanza kuzama kikijitikisa ncha zote mbili, na kabla sijafunga waya mshipi ulikuwa unatembea kuelekea kushoto.

Besi wanaposumbuliwa sana, maji yakiwa maangavu, au baridi ikiwafunga midomo, ndivyo wanavyokula: kitu kidogo, cha taratibu, kinachoanguka chenyewe. Chini ya gramu 7 mimi sijiulizi mara mbili. Nyungunyungu asiye na chubwi. Kichwa kidogo cha risasi chenye plastiki fupi inayosimama wima chini. Ule mtego ambao chubwi liko chini kabisa na ndoana imefungwa juu yake kwenye mshipi huo huo, chambo kikabaki kinaning'inia mbele ya macho ya samaki. Zote hizi ni za spini. Na kuna jambo ambalo wengi hawalitaji: waya ukiwa wazi, mshipi unatoka bila kuvutwa, kwa hiyo chambo kinazama wima. Mshipi ukibana kidogo tu, chambo hakizami wima. Kinarudi kwako kwa upinde kama bembea, na samaki uliyemlenga chini ya gati hakioni kamwe.

Upepo wa mbele nao ni wa spini. Beitikasta ikitazamana na upepo, chambo kinapunguzwa kasi mapema na bobini inafanya yake. Vivyo hivyo kurusha kwa kuruka juu ya maji, vile watoto wanavyorusha kijiwe bapa, ili chambo kiteleze chini ya gati au matawi yaliyoinama: kila mruko kinapogusa maji kinapunguza mwendo kidogo, na kila kupungua ni mwaliko wa mtatano. Wapo wanaofanya hivyo kwa beitikasta, nami nawavulia kofia. Mimi nachukua spini.

Ila isije ikadhaniwa spini haina dhambi. Dhambi yake ni ya kimyakimya. Beitikasta inakuaibisha hapo hapo mbele za watu. Spini inakusanya makosa yako kwa wiki mbili kisha inakulipa kwa siku moja, vitanzi vinatoka kwa mkupuo na kuganda kwenye pete ya kwanza. Kosa kubwa ni lile la kuzungusha mkono wakati samaki anavuta na dragi, ile breki inayolegea samaki akizidisha nguvu, inatoa mshipi. Kwenye beitikasta ni kupoteza nguvu tu. Kwenye spini yenye gia ya 6:1, kila mzunguko wa mkono ambao haukuingiza mshipi umeusokota mara sita. Piga hesabu ya pambano la dakika mbili. Samaki akivuta, acha kuzungusha. Nyanyua fimbo, kisha zungusha ukiishusha.

La pili, funga waya kwa mkono wako, usiufunge kwa kuzungusha, na ukishaufunga uvute mshipi kidogo ukae sawa kwenye kigurudumu chake. Jambo hili la sekunde moja limenipunguzia vitanzi kuliko rili yoyote ya bei niliyowahi kuishika. La tatu, usijaze bobini hadi ukingo. Acha milimita mbili au tatu. Ikijaa sana mshipi unamwagika; ikipungua sana unakwaruza ukingo na mrusho unakufa.

Kuna suala la mkono ambalo linawashika watu dukani bila kujitayarisha. Mkono wa kuzungushia wa spini unaweza kuuhamisha upande wowote. Wa beitikasta hauhami. Unanunua ya kushoto au ya kulia, ukikosea umekosea. Kwa miaka mingi rili nyingi za beitikasta zilikuwa na mkono upande wa kulia, kwa hiyo mtu wa mkono wa kulia alirusha kwa kulia, akaihamishia fimbo kushoto, kisha akazungusha kwa kulia. Wapo waliozoea na hawataki kusikia lingine. Mimi nilitoka kwenye spini ninayozungusha kwa kushoto, na kule kuhamisha fimbo kila mrusho kulinikosesha samaki, kwa sababu besi hupenda sana kushika chambo kikiwa bado kinazama, sekunde ile ile mikono yako inapopishana. Nunua inayofanana na ile uliyoizoea. Usimsikilize anayekuambia mkono "sahihi" ni upi.

Nimejiuliza kwa nini rili hizi mbili zina tabia tofauti hivi, nikaona labda jibu liko kwa waliozianzisha. Rili ya Marekani ambayo ndiyo bibi wa beitikasta, ile ya Kentucky, jina linalotajwa kwanza ni la George Snyder, fundi saa wa mji mdogo uitwao Paris, mwanzoni mwa karne ya 19. Fundi saa! Gia ndogo zilizochongwa kwa usahihi, ekseli inayozunguka bila kuyumba. Mwishoni mwa karne hiyo kule Kalamazoo, Michigan, mtu aitwaye William Shakespeare (si yule wa tamthilia, ingawa kampuni yake ya mwaka 1897 imeliweka jina hilo kwenye fimbo nyingi) alishughulikia kile kijiti kinachotembea kushoto kulia na kuupanga mshipi kwenye bobini. Spini nayo? Mwaka 1905 Alfred Holden Illingworth wa Bradford, Uingereza, alipata hataza ya rili ambayo bobini yake haizunguki. Illingworth alikuwa mtu wa viwanda vya nyuzi, na inasimuliwa kwamba wazo alilitoa kwenye mashine za kusokotea. Kwa hiyo moja ni saa, nyingine ni pia ya kusokotea uzi. Saa ukiitunza na kuirekebisha inakupa usahihi, ukiipuuza inagoma. Pia ya uzi inakupa uzi bila masharti, na ukizembea inausokota kupita kiasi. Yule mzee na ufumaji wake hakujua alikuwa karibu na ukweli kiasi gani, ingawa rili aliyokuwa akiisema siyo.

Kuhusu heshima ya rili, ile iliyoniingiza matatani, namkumbusha kila anayeniuliza habari za rekodi. Besi mkubwa kuliko wote walioandikwa alivuliwa na George Perry huko Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932: ratili 22 na aunsi 4, zaidi kidogo ya kilo 10. Zilipita miaka 77. Tarehe 2 Julai 2009, kwenye ziwa Biwa nchini Japani, Manabu Kurita alivua mwingine aliyemzidi wa Perry kwa karibu aunsi moja, na kanuni za IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi, zikataka tofauti ya aunsi mbili ili kuivunja rekodi, basi wanaume hao wawili wakaandikwa pamoja. Perry alikuwa na chambo bandia cha wakati wake. Kurita alitumia samaki hai. Mbio za rili za kisasa hazina nafasi kubwa kwenye hadithi hizo.

Siku hizi mpaka wenyewe umeanza kufifia. Wajapani wametengeneza beitikasta zenye bobini nyepesi mno, finyu, isiyobeba mshipi mwingi, ili chambo cha gramu 3 kiweze kuiamsha. Nimeijaribu ya mtu. Ni kitu kitamu sana mkononi. Lakini rudi kwenye penseli na bobini: hawakuivunja sheria, wameifanya bobini iwe nyepesi tu, na rili hiyo ukiifunga jigi ya gramu 28 na kuipeleka kwenye magogo utaionea.

Basi nikiulizwa, nauliza: utarusha nini? Asiyejua kabisa namwambia achukue spini, 2500 au 3000, fimbo ya ugumu wa wastani, mshipi wa kusuka wa ratili 10 hadi 15 na kipande cha flurokaboni mbele. Atavua besi tangu siku ya kwanza, na kuvua samaki ndiko kunakomfundisha mtu kuvua. Anayesema maji yake yamejaa magogo na majani namwambia aende beitikasta bila woga, aanze na gramu 14, breki karibu na mwisho, na kwenye nyasi kwanza. Anayesema anataka beitikasta kwa sababu inapendeza, huyo namwelewa kuliko wote, na namwambia anunue utepe wa gundi.

Mwenyewe natembea na fimbo mbili. Asubuhi ile wiki iliyopita nilianza na beitikasta kwenye majani, nikakosa, nikashika spini, nikatupa nyungunyungu pembeni mwa nguzo. Mshipi ulianza kutembea. Nikakaza, na gumba langu, lenye sugu sasa, likashuka lenyewe kutafuta bobini juu ya fimbo, likakuta hewa tupu.